Rasimu ya Tatu

Saa tisa na robo ya usiku, Chake Chake.
Umeme tumeukata kwa amri yetu wenyewe,
nami nakusomea hotuba kwa taa ya chemli
kama tulipokuwa tukidurusu skuli, Shaame,
wewe ukisinzia, mie nikikufinya.

Leo husinzii. Mkono wako
unacheza na kifuniko cha kalamu,
fungua, funga, fungua,
na kila kikilia namuona Faki wangu
kambini, akijifunza bunduki gizani.

Simu ya Mkoani imeshasema la kusema:
boti mbili, maiti kumi na moja,
mmoja katambuliwa kwa kiraka cha suruali.
Hayo hatukuyaandika sisi. Haya tunayaandika,
na saa kumi na mbili redio itayatoa
watu wakiwa na muhogo mkononi.

Mstari wa kwanza: "Tumelazimishwa."
Futa.
Aliyelazimishwa hachagui rangi ya wino.
Sema tumeamua. Neno zito, libebe wewe,
usimtwike mama wa Kojani.

Mstari wa nne: "Damu yao haitapotea bure."
Nani kaandika haya? Mimi, saa tano,
nina hasira na sijala.
Futa. Damu ishapotea.
Ukiifuata kwa damu nyingine
utakuwa kama aliyeangusha sindano kisimani
akatupa sindano ya pili kuitafuta ya kwanza.

"Ushindi" umeutaja mara saba.
Mchele hujautaja.
Nimehesabu mwenyewe, ghalani Wete, na bawabu kashika kurunzi:
magunia elfu moja na mia tatu, mengine yana dudu.
Siku arubaini, tukila kwa adabu.
Vitanda vya hospitali mia na vinne.
Daktari wa kupasua mmoja, na macho yanamsumbua.
Hilo ndilo jeshi lako, Mheshimiwa.
Wale wenye magwanda ni watoto wa watu.

Unaukumbuka mchezo wa ng'ombe, Pujini,
mwaka ule mvua ilipochelewa?
Sote tulimtazama fahali,
tukamtazama yule mwenye kitambaa.
Aliyelegeza kamba hakuna aliyemtazama.
Jioni, kaburini, ndiye aliyekuwa wa mwanzo kutia udongo,
akalia kumshinda mjane.
Na alilia kweli, Shaame.
Hilo ndilo linalonitisha.

Sikwambii usipigane.
Kumi na moja wale wana ndugu,
na ndugu wao wako nje ya ukuta huu tangu isha,
hawasemi kitu, wamekaa tu.
Nakwambia uweke mlango.
Chini kabisa, sentensi moja isiyo na ngoma:
Mjumbe wetu yuko Mkoani, anamsubiri mjumbe wao.
Basi.
Vita visivyo na mlango hata mshindi hatoki.

Ukanyamaza.
Ukafuta "ushindi" mara tano, miwili ukaibakisha,
mtu hawezi kuvuliwa nguo zote.
Ukaandika mchele. Ukaandika tumeamua.
Kwenye mstari wa mwisho kalamu ikasimama,
ukaniuliza bila ya kuninyanyulia uso:
"Faki yuko kikosi gani?"

Nikasema, usiniulize hilo.

"Nakuuliza kwa kuwa naweza kumrudisha."

Miaka ishirini na sita nimekushauri.
Bandari, kodi, ndoa yako ya pili.
Sikuwahi kukosa jibu.
Utambi ulikuwa ukitoa moshi, nikaurekebisha,
ukatoa moshi tena, nikaurekebisha tena.
Urefu wa kimya kile naujua mimi na Mola wangu.

Kisha nikasema: mstari wa mwisho, Mheshimiwa.

Saa kumi na mbili nilikuwa barazani kwangu,
redio magotini, mke wangu nyuma ya pazia.
Ulisoma vizuri. Hukupaza sauti.
Mchele uliutaja, na mlangoni kwa jirani mtu akaguna.
Halafu ukafika chini ya ukurasa,
ukavuta pumzi,
na nikasikia karatasi ikigeuzwa.